Kisu cha Sifael na Mchuzi wa Motaleb

Sifael Munisi alikuwa mtu wa Machame, kule mlimani, aliyehamia Moshono mjini Arusha, na maishani mwake alijua kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutunza ghala la kampuni ya umma, akivaa koti la kijivu na kubeba funguo nyingi zilizolia kiunoni kama kengele za ng'ombe. Soko huria lilipoingia, kampuni ikafungwa, ghala likauzwa, funguo zikarudishwa, naye akabaki na koti. Akafungua kiduka cha misumari na rangi kando ya barabara. Kiduka kilimpa chakula, lakini hakikumpa cheo.

Cheo alikipata kwenye kazi ya pili, ambayo hailipwi. Sifael ndiye aliyekuwa akigawa nyama.

Asiyewajua watu wa mlimani anaweza kudhani mbuzi ni chakula tu. Mbuzi ni kikao. Kila kiungo kina mwenyewe, na mwenyewe anakijua, na akikosa atakikumbuka mpaka kaburini. Kidari ni cha mzee kuliko wote. Aliyechinja ana chake, shemeji ana chake, mama mwenye nyumba ana chake. Anayegawa lazima awe mtu asiyetetereka, na Sifael alikuwa hivyo hata mbele ya kwaya. Harusi moja kule Usa River alisimamisha wimbo katikati ya ubeti kwa sababu mjomba wa bwana harusi alikuwa ameshika ubavu usiomhusu. Ubavu ukarudi kwenye sinia, kwaya ikaendelea.

Tena alikuwa na sheria yake, aliyoisema kila mara akipangusa kisu: "Fungu halikataliwi, wala halibadilishwi."

Sheria hiyo ilimwumiza Pudensiana kuliko mtu mwingine yeyote. Pudensiana alikuwa mke wa Stanley, rafiki mkubwa wa Sifael, na kwa sababu ambazo Sifael alizifahamu peke yake, fungu la Pudensiana lilikuwa shingo. Kila Jumatatu ya Pasaka, marafiki hawa walipochinja mbuzi uani kwa Stanley, yeye alipokea shingo.

"Shemeji," alikuwa akimwambia, "hii shingo ni mpya, au ni ile niliyoshindwa kuimaliza mwaka jana?"

"Ni mpya, Mama Irine."

"Mbona inanikumbuka?"

Basi mwaka mmoja, Pasaka ikikaribia, Stanley aliingia kwenye kiduka cha misumari, akaketi juu ya debe la rangi. Stanley alianza na mitumba sokoni, akahamia kwenye vipuri vya magari kutoka Dubai, na sasa alikuwa na pikapu na tumbo.

"Baba Oscar, mwaka huu hatuchinji."

Sifael akaweka chini nyundo aliyokuwa akiipangusa. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Tunakwenda kula hotelini. Kuna Mbangladeshi amefungua hoteli upande wa Themi, inaitwa Surma. Mchuzi wake unasifiwa mji mzima. Halafu kuna feni."

"Feni ya nini Arusha mwezi wa nne?"

"Ya uzuri, bwana. Inazunguka tu." Stanley akasogeza debe karibu. "Na nikuambie kabisa. Nikiridhika na chakula chake, kipaimara cha Irine nampa yeye apike. Watu ni wengi, mambo ya moshi na visu yamepitwa na wakati. Safari hii na wewe utakaa kwenye kiti, ule kama mgeni."

"Na nani atagawa?"

"Inakuja imeshagawanywa. Kwenye bakuli."

Stanley akaondoka na pikapu lake. Sifael alibaki akitazama misumari. Ghala lilipochukuliwa alivumilia, maana lilikuwa la serikali. Kisu hiki kilikuwa chake. Kipaimara kikipita bila yeye kugawa, harusi itakayofuata haitamwita, na msiba utakaofuata hautamwita, naye atakuwa mzee mmoja wa Moshono anayeuza misumari. Hoteli ile ikifanya vizuri, yeye kwisha.

Jumatatu ya Pasaka jioni alivaa koti la kijivu. Mkewe, Agnela, ambaye alikuwa amebanwa na mafua na hakuweza kwenda, alimtazama kutoka kitandani.

"Baba Oscar, mfukoni umebeba nini?"

"Gazeti."

"Gazeti lenye mpini?"

Sifael akasema wenzake wanamngoja, akafunga mlango.

*

Hoteli ya Surma ilikuwa na kuta za rangi ya waridi, maua ya plastiki na picha kubwa ya mto wenye mashua. Feni ilizunguka kwa bidii, na watu wote waliokuwa chini yake walikuwa wamevaa masweta.

Stanley alikwisha kaa, shati limefunguliwa vifungo viwili kwa ajili ya fahari. Pembeni yake alikuwa Pudensiana. Mwisho wa meza alikaa Mzee Romanus, mwalimu mstaafu kutoka Rombo, mkubwa wao kwa umri na mwenye kidari kwa miaka yote. Wa nne alikuwa Solomoni, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, aliyekuwa akiuza ngozi kwenye lile ghala enzi za Sifael. Solomoni alikuwa amejifunika shuka mpaka masikioni, fimbo magotini, akiitazama feni kama mtu anayemtazama ng'ombe mwenye wazimu.

"Shikamoo, Mzee," Sifael alimwamkia Romanus.

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kaa mbali na hicho kitu, kitakutoa roho."

Mwenye hoteli akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, kaptula ya kaki, taulo begani, uso wa mtu anayependa wageni lakini anapenda zaidi sufuria zake.

"Karibuni. Mimi Motaleb. Si Mhindi. Bangladesh, Sylhet."

"Bia baridi, Bwana Motaleb," Stanley akasema. "Na mbege ya ndizi kwa Mzee."

"Bia hapana. Hapa pombe hakuna. Iko lassi, maziwa mgando."

Stanley akanywea kidogo, lakini Solomoni alifunua masikio. Alipoletewa bilauri ya kwanza aliimaliza bila kupumua, akaiweka chini taratibu.

"Huyu," alisema, "ni mtu mwenye ng'ombe."

"Baba yangu alikuwa nao," Motaleb akajibu, akicheka.

"Nilijua. Lete nyingine."

Ndipo chakula kikaja. Kikaja kwa fujo ya harufu: bakuli kubwa la mbuzi katika mchuzi mwekundu mzito, bakuli la dengu, bakuli la bilinganya, wali mweupe uliorundikwa kama theluji ya Kibo. Mzee Romanus akasali, sala ya Kikatoliki iliyo fupi. Wakasema amina.

Wakakaa.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mvuke ulipanda, feni ikaupeleka kwa watu wa meza ya pili.

"Karibuni basi," Stanley akasema. "Kuleni."

"Anza wewe," Pudensiana akamwambia.

Stanley akanyoosha mkono kuelekea bakuli la mbuzi. Mkono ulifika njiani, ukasita, ukarudi nyumbani kwake magotini. "Nianze vipi," alisema kwa sauti ndogo, "na Mzee hajapewa chake?"

Wote wakageuka wakamtazama Sifael.

Motaleb alichungulia kutoka mlango wa jikoni. "Pilipili kali?"

"Bado hatujaonja," Romanus akajibu.

"Mnasali?"

"Tumeshasali."

"Sasa mnangoja nini?"

"Tunangoja mbuzi ajulikane," Pudensiana akasema, na Motaleb akarudi jikoni akiwa amechanganyikiwa.

Sifael hakuhitaji kuombwa mara ya pili. Kwa kweli hata mara ya kwanza hakuombwa. Alichomoa gazeti mfukoni, akalifunua, akaweka kisu mezani. Jamaa wa meza ya pili akahamisha kiti chake. Sifael akakunja mikono ya koti, akavuta bakuli, akaanza kutoa vipande kwa kijiko, kimoja kimoja, na kuvipanga kwenye ukingo wa sinia la wali.

Hapo ndipo alipogundua ukubwa wa msiba. Mbuzi huyu alikuwa amekatwakatwa vidogo kama karanga. Hakuwa na mbele wala nyuma. Kila kipande kilikuwa chekundu, kila kipande kilinukia mdalasini.

"Huu ni ubavu," alisema.

"Ni goti hilo," Solomoni akasema.

"Goti gani lililopinda namna hii?"

"La mbuzi wa mjini. Hatembei."

"Solomoni, nigawe mimi au ugawe wewe?"

"Gawa, gawa. Ila kwetu kidari kinaliwa na rika zima. Nyie mnampa mtu mmoja akae nacho kama pochi."

Sifael akachovya kipande kwenye bilauri yake ya maji ili kukitambua uso. Maji yakageuka rangi. Akachovya kingine. Pudensiana alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Na kama vile kazi haikuwa ngumu vya kutosha, umeme ukakatika, kama ilivyokuwa desturi siku zile za mgao. Giza likaanguka. Feni ikasimama.

"Asante, Yesu," alisema Solomoni gizani.

Motaleb akaleta mshumaa mmoja, akausimamisha kwenye kisosi. Kwa mwanga huo, mtu mwingine angekata tamaa. Sifael akainama mpaka pua ikakaribia mchuzi, akachokora bakuli hili, akachokora na la jirani, na mwisho kijiko chake kikagusa kitu laini, kipana, chenye ngozi juu na mafuta chini. Alikitia kisu, kikakatika kwa heshima. Akasimama wima, akakiweka kwenye sahani, akaishika sahani kwa mikono miwili.

"Mzee Romanus. Kidari chako."

Romanus naye akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua kidogo kama inavyotakiwa, akamega kipande, akakitia mdomoni. Akatafuna mara moja. Akaacha. Akameza.

"Sifael."

"Naam, Mzee."

"Mbuzi huyu alikuwa na umri gani?"

"Mdogo, Mzee. Hakufikisha mwaka."

"Ni kweli mdogo. Hana mfupa." Akafikiri. "Nyama pia bado hajaota."

Pudensiana akanyakua mshumaa, akamulika sahani.

"Yesu wangu! Ni bilinganya!"

Stanley alicheka mpaka kiti kikapiga kelele za kuomba msaada. Solomoni akajifunika shuka uso mzima, na kutoka ndani ya shuka sauti ikauliza, "La dume au la jike?" Hata jamaa wa meza ya pili akacheka, naye alikuwa bado anaogopa kisu.

Sifael hakucheka. Aliketi, akachukua gazeti, akaanza kukifunga kisu, kunjo kwa kunjo.

"Baba Oscar, usikasirike," Stanley akasema akijifuta machozi. "Lakini umejionea mwenyewe. Mambo ya mchuzi hayana kidari. Kipaimara tutakula kama watu wa leo, kila mtu ajichotee. Mambo ya kisu basi."

Maneno hayo yalisemwa kwa upendo, na ndiyo maana yalikata zaidi. Sifael akatia kisu mfukoni. Akajiona ameketi kwenye kipaimara cha Irine, sahani magotini, hana la kufanya na mikono yake.

Motaleb alikuja mbio na taa ya chemli, akiwa amesikia kelele. Alitazama sinia: vipande vimepangwa kama askari, maji mekundu kwenye bilauri, bilinganya lililokatwa.

"Chakula kibaya?"

"Chakula kizuri," Solomoni akamwambia. "Huyu mzee ni mgawaji wetu. Kila mtu ana kiungo chake. Alikuwa anamtafuta mbuzi ndani ya mchuzi wako, akampata bilinganya."

Motaleb akaweka taa mezani. Alimtazama Sifael kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye unagawa?"

"Nilikuwa."

"Kwetu alikuwa baba. Samaki mkubwa akija, mtu hagusi. Baba anagawa. Huyu mkia, huyu tumbo. Kichwa ni cha mkwe, au cha mgeni wa heshima sana." Akavuta taulo begani. "Hapa nimepika miaka miwili. Watu wanakuja, wanachota. Wanachota kama mchanga! Hakuna anayeuliza hiki cha nani." Kisha akauliza jambo ambalo halikuwahi kuulizwa. "Na mgawaji, fungu lake ni lipi?"

Stanley alimtazama Romanus, Romanus akatazama dari.

"Huwa anakula mwishoni," Pudensiana akasema.

"Anakula nini?"

"Kinachobaki."

"Na hubaki nini?"

"Mimi huwa naona anakung'uta sinia," Solomoni akasema, na safari hii hakutania.

Motaleb akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Akachelewa kidogo. Alipotokea tena alikuwa amebeba sinia lililofunikwa, akitembea taratibu kama shemasi. Akaliweka mbele ya Sifael, akafunua.

Kilikuwa kichwa cha sangara. Kilikuwa kikubwa kama kiatu, kimelala juu ya mchuzi wa manjano, mdomo wazi, na jicho moja jeupe likimtazama Sifael moja kwa moja.

"Hiki nilijipikia mwenyewe," Motaleb akasema. "Kimekuja kwenye barafu kutoka Mwanza. Sasa ni chako. Fungu la mgawaji."

Sasa ieleweke kwamba Sifael alikulia mahali ambapo maji yalipita mferejini kumwagilia migomba na hayakuwa na mtu ndani. Samaki alimwonja mara moja tu, wa kopo, akiwa amefumba macho, na yule wa kopo walikuwa wamemtoa kichwa kwa adabu.

"Bwana Motaleb, umefanya vizuri mno," alianza. "Ila kwa kuwa Mzee ndiye mkubwa—"

"Shemeji."

Alikuwa Pudensiana. Ameegemeza viwiko mezani, kidevu kwenye viganja, uso unang'aa kuliko taa.

"Shemeji, fungu halifanywi nini vile?"

Sifael akajibu, "Halikataliwi."

"Wala?"

"Wala halibadilishwi," akasema Stanley, aliyekuwa ameanza kufurahia tena.

Sifael akatazama meza. Aliona wazi jambo lilivyo. Akikikataa kichwa hiki, kila shingo aliyowahi kumpa mtu itakuwa uonevu, na kila kidari kitakuwa nyama tu. Atakuwa amekizika kisu kwa mkono wake mwenyewe, na Stanley hatakuwa na kosa.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

"Shavu," Motaleb akasema, akivuta kiti. "Hapa. Halafu hapa, nyuma. Jicho mwisho. Jicho ndilo lenyewe."

Sifael akatia kidole kwenye shavu la sangara, akatoa kipande, akakitia mdomoni kama anayekunywa dawa ya minyoo. Nyusi zake zikapanda. Akatoa kingine. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa kitamu kiasi kwamba alikasirika kidogo, akikumbuka masinia yote aliyokung'uta. Akafuata njia aliyoonyeshwa, shavu, nyuma ya shavu, kishimo cha kisogo, mpaka likabaki jicho.

Alifumba lake, akafyonza la mwenzake. Likaenda.

"Vipi?" Romanus akauliza kwa upole.

"Bado linaniangalia," Sifael akasema. "Ila sasa kwa ndani."

Walipiga makofi mpaka meza zote zikapiga, na jamaa wa jirani akarudisha kiti chake mahali pake. Pudensiana ndiye aliyekata shauri, kwa kuwa nyumbani kwake ndiye aliyekuwa akikata mashauri.

"Baba Irine, sikiliza. Siku ya kipaimara huyu atapika, na huyu atagawa. Sitaki kuona watu wanachota mchanga kwangu."

Stanley akafungua mdomo, akautazama mfupa wa kichwa cha sangara, akaufunga. "Haya," alisema. "Lakini atagawaje kwenye mchuzi?"

"Nitapika kila kiungo sufuria yake," Motaleb akasema.

"Na mimi nina ombi," Mzee Romanus akasema. Alikuwa ameshika ile sahani ya kidari chake bila kuiachia. "Niwekeeni kingine kama hiki."

"Bilinganya, Mzee?"

"Wanangu, meno yangu yalikwisha zamani. Kila Pasaka kidari nakipeleka nyumbani, mama anakichemsha siku mbili, halafu anakila yeye. Sikusema kwa sababu ya sheria ya huyu bwana."

Solomoni akaagiza lassi nyingine.

*

Kipaimara cha Irine kilifanyika uani Moshono, mlima ukiwa umejifunua mpaka kileleni. Motaleb alichinja mwenyewe, ili wageni Waislamu wale bila wasiwasi, na Sifael akapasua. Sufuria zilipangwa kwenye mstari, kila moja na kiungo chake, na Sifael akasimama kichwani mwa mstari na koti lake la kijivu, upawa mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Kisu hakikuwa na cha kukata. Alikishika tu, na watu waliona kuwa ni sawa.

Mzee Romanus aliitwa wa kwanza, akapokea bilinganya kwa mikono miwili mbele ya Walutheri na Wakatoliki, na wageni wa kutoka Machame wakaulizana kama hiyo ndiyo desturi mpya ya mjini. Pudensiana akapewa mbavu. Alizitazama pande zote, akihofia mtego, kisha akaondoka nazo haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Stanley akafika na sahani yake, shati vifungo viwili wazi. Sifael akafunua sufuria ya mwisho, akachota, akaweka.

Stanley akaangalia chini. "Baba Oscar. Hii ni shingo."

"Naam," Sifael akasema, akipangusa kisu.

Stanley akageuka kumtafuta mkewe. Pudensiana alikuwa amesimama palepale nyuma yake, ubavu mkononi, akingoja kumsikia atasema nini.

"Nimeshukuru," Stanley akasema, akaenda kukaa.